Wikiendi ya Watu Watatu

Chumba walichopewa kilikuwa na vitanda viwili.

Chiriku alisimama mlangoni, mkoba begani, akavitazama. Vitanda vyembamba, kila kimoja na shuka lake jeupe lililobanwa kingoni, na katikati yao pengo la kupitisha machela.

"Dokta," alisema bila kugeuka, "uliomba chumba cha watu gani?"

"Cha wawili," mumewe alijibu huku akitua sanduku. "Si ndio sisi?"

"Wawili wanaopendana, au wawili waliopata ajali?"

Mumewe hakuwa daktari. Alikuwa mfamasia mwenye duka lake la dawa, na mtaani kwao kila mwenye koti jeupe ni dokta, basi jina likamganda. Chiriku naye alikuwa msusi. Jina hilo alipewa na bwana huyuhuyu siku za uchumba wao, maana alikuwa akishaanza kusimulia jambo hapumui mpaka alimalize. Siku hizi alisimulia saluni tu. Nyumbani alinong'ona. Tangu waoane walikuwa wakiishi katika vyumba viwili vya nyuma, nyumbani kwa mama mkwe, na ukuta uliowatenga naye ulikuwa wa namna ambayo ukipiga chafya huku, unapewa pole kule.

"Nenda ukawaambie watubadilishie," alisema.

"Tusiwasumbue, mpenzi wangu. Tutavisogeza tu."

Dokta akavua koti, akakunja mikono ya shati, akashika kitanda kimoja na kuvuta. Kitanda hakikutikisika. Akavuta tena, mshipa wa shingo ukamtoka. Chiriku aliinama akachungulia chini.

"Vimefungwa sakafuni kwa skrubu."

"Lo!" alisema Dokta, akakaa juu ya kitanda kama mtu aliyeamua kuishi nacho.

Chiriku ndiye aliyeshuka mapokezi. Dada wa mapokezi alimsikiliza kwa upole, akabonyeza kompyuta yake, akasema, "Samahani sana, dada. Bwana alipopiga simu tulimuuliza anataka kitanda cha aina gani, akasema chochote tu kitakachokuwa rahisi kwetu."

"Alisema hivyo?"

"Tena alitushukuru."

Chiriku alicheka, lakini kicheko kiliishia mdomoni, kifuani hakikufika. Walipewa chumba cha juu chenye kitanda kimoja kikubwa na kibaraza kinachotazama ziwa. Dokta alipokiona alifurahi, akamkumbatia mkewe kwa nyuma, akaweka kidevu begani kwake. "Unaona? Mambo hujipanga yenyewe."

"Hayajajipanga. Nimeyapanga mimi."

Lakini hakutaka kuanza safari kwa ugomvi. Wikiendi hii alikuwa ameisubiri mno. Alikuwa na neno la kumwambia mumewe, na neno lenyewe halikuwa la kunong'ona.

*

Mji ule ulijaa wageni kila pembe. Kulikuwa na vichochoro vya mawe, maduka ya vinyago na mikoba, watu wenye kofia pana wakipiga picha milango. Jioni ile ya Ijumaa walikaa kwenye mgahawa ulio kando ya maji, meza yao ikiwa na mshumaa na ua moja kwenye glasi. Dokta alikuwa amenyoa vizuri, amevaa shati la bluu ambalo Chiriku alilipenda. Alipomtazama kwa macho yale yake ya usingizi, macho yaliyomfanya siku ya kwanza asahau anasuka kichwa cha nani, moyo wa Chiriku ulilegea.

"Umependeza," alisema Dokta. "Mpaka naona haya kukaa na wewe."

"Zoea. Una maisha mazima ya kukaa na mimi." Akavuta pumzi. "Na ndilo ninalotaka tuzungumze. Kuna mteja wangu mmoja, yule mama mjane mwenye nywele za mvi. Anahamia kwa binti yake. Nyumba yake..."

Mtu mwenye gitaa akasimama pembeni ya meza.

"Wapendanao hawa!" alisema kwa sauti ya kusikika mgahawa mzima. "Niwaimbie?"

"Hapana, asante," alisema Chiriku.

"Karibu, karibu," alisema Dokta kwa wakati uleule.

Mpiga gitaa alisikia la Dokta. Akaimba wimbo wa mapenzi, kisha wa pili, kisha akaomba kujua walikutana wapi ili atunge wa kwao. Dokta alitabasamu tangu mwanzo hadi mwisho huku chakula kikipoa. Chiriku alikuwa anamtazama samaki wake, na samaki anamtazama yeye.

Gitaa lilipohamia meza nyingine, simu ikalia. Dokta akaangalia kioo, akapokea.

"Shikamoo, Mama... Ndiyo, tulifika salama... Tunakula... Samaki... Hapana, hana chumvi nyingi... Nimebeba sweta, ndiyo..."

Aliongea mpaka mshumaa ukaanza kujikunja. Alipokata simu, Chiriku alikuwa ameshaweka uma chini.

"Mwenzangu, nikuulize. Hapa mezani tuko wangapi?"

"Si alikuwa anatujulia hali tu."

"Sikiliza, basi, kabla hajaja mwingine. Ile nyumba iko nyuma ya saluni yangu. Vyumba viwili, sebule, jiko letu wenyewe. Anataka jibu Jumatatu. Nataka tuhame, mume wangu."

Dokta alichukua kitambaa cha mezani, akakikunja mara mbili, akakikunjua.

"Unamjua Mama," alisema taratibu.

"Namjua."

"Nilishamgusia mara moja. Alilia. Akasema kama tunaondoka tusubiri kwanza tumzike. Nifanyeje? Mimi ni mwanawe wa pekee."

"Basi twende tukamkalishe pamoja, mimi na wewe, tumweleze. Tunahamia mtaa wa pili tu, hatuendi ng'ambo."

"Hapana, hapana. Wewe usiingie. Atakuona umenichukua. Niachie mimi, nitazungumza naye."

Niachie mimi, nitazungumza naye. Chiriku alikuwa ameyasikia maneno hayo aliposema wapate jiko la nje, aliposema wabadilishe mlango, aliposema mama asiingie chumbani kwao kukunja nguo. Kila mara Dokta alienda, akarudi na uso wa msiba. Mama amekataa. Mama ameumia. Tuvumilie. Na kila mara Chiriku aliongeza kipande kingine cha chuki juu ya kile cha jana, mpaka siku hizi akisikia kandambili za mama mkwe uani, aligeuka na kurudi ndani.

"Kula, mpenzi," alisema Dokta. "Anapoa."

"Ameshapoa."

*

Asubuhi ya Jumamosi walitoka matembezi. Chiriku alitaka waende wawili tu, wapotee vichochoroni, washikane mikono kama zamani. Langoni mwa hoteli kijana mmoja wa kutembeza wageni akasema, "Bosi, niwaonyeshe mji?" na bosi hakujua kusema hapana. Wakaonyeshwa mji. Wakaonyeshwa ngome, mnara, nyumba ya makumbusho, vyungu vilivyovunjika na historia ya kila kipande. Chiriku alivaa viatu vya mapenzi, si vya historia, na kufikia mchana visigino vilikuwa vinawaka moto.

"Ungemwambia tu hatuhitaji," alisema walipokuwa wakirudi.

"Kijana wa watu anatafuta riziki."

"Na mimi je, mke wa watu? Mimi natafuta nini?"

Dokta alimtazama kama mtu aliyeulizwa swali la lugha asiyoijua. Kisha akasema, "Pumzika kidogo. Mimi naenda kuogelea, nikirudi tutatafuta pahali pazuri pa kula."

Akaenda. Chiriku alikaa kwenye kibaraza, miguu juu ya kiti, akimwona kwa chini mumewe akizunguka bwawani na kuwapisha watoto wa wageni wakimrushia maji. Aliwapisha mpaka akajikuta nje ya bwawa, amekaa ukingoni. Huruma ilimpanda Chiriku, na hasira ikampanda pamoja nayo. Hakujua aanze na ipi.

Ndipo alipochukua simu yake. Alikuwa amechoka kusubiri kuzungumziwa. Kama Mama ni wa kulia, alie, ila amlilie yeye mwenyewe, na yeye atambembeleza. Akapiga.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Kuna nini? Mmegombana?"

"Hapana, Mama. Nina jambo nataka kukuomba mwenyewe. Naomba usikasirike, na usilie."

"Nilie kwa nini? Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa. Mama, nimepata nyumba. Tungependa kuhama. Si kwamba hatukupendi. Tutakuwa tunakuja kila siku, na ukitaka..."

"Ngoja," alisema Mama. Kulikuwa na sauti ya sufuria kuwekwa chini. "Rudia hapo. Nani anataka kuhama?"

"Mimi, Mama."

"Wewe?"

"Ndiyo, Mama. Nisamehe."

Chiriku alifumba macho akisubiri kilio. Kilichokuja kilikuwa kicheko, kicheko kikavu cha mtu aliyegundua amekuwa akitafuta miwani aliyoivaa.

"Mwanangu wewe! Mimi nilimwambia huyo mume wako mhame tangu mwaka ule ulipofungua saluni. Nikamwambia, mke akishakuwa na kazi yake apewe na jiko lake. Vyumba vile nilishavipatia mpangaji, mwalimu mmoja mtulivu, nikamzungusha mpaka akachoka. Mume wako akaniambia nini? Mke wangu hataki, Mama. Amekuzoea. Nikimgusia analia."

Chiriku alishusha miguu chini. Sakafu ya kibaraza ilikuwa ya moto.

"Alisema mimi ndiye ninayelia?"

"Machozi mabichi! Nikasema basi, mtoto wa watu hana mama karibu, nimvumilie. Maana nimekuvumilia, sikufichi. Ile harufu ya dawa zako za nywele, ukirudi nazo jioni, chai yangu inabadilika ladha."

"Na kukunja nguo zetu chumbani?"

"Alisema umeniomba! Kwamba unachoka. Mimi na mgongo huu nakunja nguo za watu wazima, nikisema moyoni, msichana huyu ni mvivu lakini ana adabu."

Chiriku alijikuta anacheka, machozi yakimtoka huku anacheka, na upande wa pili Mama naye alikuwa anacheka na kukohoa.

"Mama," alisema Chiriku, "nimekukasirikia miaka yote hii bure."

"Na mimi nimekuona mzigo bure." Mama alivuta pumzi. "Akirudi nitamnyoosha. Nitamtolea hata kitanda nje."

"Hapana, Mama. Naomba usimfukuze. Ukimfukuza atasema amehama kwa sababu yako. Nataka atoke mwenyewe."

"Hebu nione," alisema Mama. "Utasubiri sana."

*

Dokta aliingia na joho la hoteli lililomfikia magotini, taulo shingoni, nywele zikidondosha maji.

"Nimeulizia mgahawa mmoja wenye..." Akamwona mkewe. "Vipi?"

"Nimezungumza na Mama."

Alisimama palepale katikati ya chumba. Tone la maji lilitoka kwenye kidevu likaangukia zulia.

"Kuhusu nini?"

"Kuhusu machozi. Yake na yangu. Inaonekana tumelia sana, sisi wawili, bila kujua."

Dokta alikaa pembeni mwa kitanda, akavuta joho lifunike magoti. Halikufika.

"Sema kitu," alisema Chiriku.

"Nilikuwa nataka amani."

"Amani ya nani? Mimi nimelala kwenye ukuta wa yule mama nikimwona adui. Yeye ananiona mvivu. Wewe katikati unaonekana malaika, mtu wa huruma, pole huku, pole kule. Unajua ni mara ngapi nimekuonea huruma? Nimesema, maskini mume wangu, amebanwa na mama yake. Kumbe mama wa watu hana habari!"

"Usipaze sauti."

"Nitapaza! Nimelipiwa chumba nipaze sauti! Hapa hakuna ukuta wa mtu!"

Kulikuwa na mtu chumba cha jirani, akazima redio asikilize. Chiriku alishusha sauti, si kwa sababu ya jirani, bali kwa sababu alimwona Dokta amejiinamia, vidole vyake vinakunja na kukunjua ncha ya taulo. Vidole vile vilivyohesabu vidonge siku nzima bila kukosea.

"Kwa nini?" aliuliza. "Ungesema tu hutaki kuhama. Ningekasirika, ningenuna, tungemaliza. Kwa nini uongo?"

Nje, chini, watoto walikuwa wakipiga kelele bwawani.

"Nikiwa pale," alisema mwishowe, "kuna Mama upande mmoja na wewe upande mwingine. Mmoja wenu akitaka kitu naweza kusema mwenzake hataki. Nikikosa neno la kusema, mmoja wenu analo. Sasa fikiria tuko wawili tu ndani ya nyumba, usiku na mchana. Nitajificha wapi? Utanitazama uone kwamba sina kitu. Mtu wa chochote tu. Utachoka. Baba alimchoka Mama namna hiyo, wakiwa wawili mezani, hakuna anayeongea, mpaka akaondoka."

"Mimi si baba yako."

"Najua."

"Na wewe si mama yako. Yeye anaongea." Chiriku alikaa kwenye kiti, mbali naye. Alitamani kwenda kumkumbatia na alitamani kumrushia taa. Hakufanya lolote kati ya hayo mawili. "Mimi sikuolewa na maneno yako, nilikuwa na ya kututosha wawili. Niliolewa na wewe. Lakini umenipa mtu mwingine anayeitwa Mama-hataki, nimeishi naye huyo."

"Nipe muda," alisema Dokta. "Tukirudi nitazungumza na..."

"Na nani?"

Dokta akainuka, akaingia bafuni.

Usiku huo walikula chumbani, supu na mkate, kila mtu na trei yake. Kitanda kimoja kikubwa kililaliwa kama vile vya kwanza viwili, pengo la machela katikati.

*

Basi la kurudi liliondoka Jumapili baada ya kifungua kinywa. Chiriku alikaa dirishani. Walipokaribia kuingia mjini kwao alipiga simu kwa yule mteja wake mjane, bila kushusha sauti.

"Mama, ile nyumba naichukua. Ndiyo, nitaanza kuhamia wiki hii... Jina? Andika langu."

Dokta alikuwa anasikia.

"Umeandika lako tu," alisema.

"Mwingine siwezi kumsemea. Nimejifunza ubaya wa kusemeana."

Kituo cha mabasi kilikuwa na vumbi na wapiga debe. Chiriku alichukua mkoba wake, akaacha sanduku kwa mumewe, akaelekea kwenye teksi. "Mimi napitia kule kwanza, niuone mlango na funguo. Wewe nenda nyumbani. Msalimie Mama."

Alikuwa ameshafungua mlango wa gari aliposikia nyuma yake sauti ya Dokta, kubwa kuliko kawaida, ikishindana na kelele za kituo.

"Shikamoo, Mama. Tumefika... Hapana, siji moja kwa moja. Naenda kuona nyumba... Mama, sikiliza. Si yeye aliyekuwa hataki. Wala si wewe. Ni mimi. Mimi ndiye niliyekuwa sitaki." Akasikiliza. Uso ulimwiva. "Ndiyo, Mama... Ndiyo, najua... Ndiyo, hata kuhusu nguo." Akamnyooshea mkewe simu. "Anakutaka."

Chiriku aliipokea.

"Amesema mwenyewe au umemshikia fimbo?" aliuliza Mama.

"Mwenyewe."

"Mh. Jiko la huko linaingia jua?"

"Bado sijaingia, Mama."

"Ingieni muone, mniambie. Mwalimu anangoja."

Walikaa kiti cha nyuma cha teksi, sanduku kati yao. Dokta alinyoosha mkono juu ya sanduku, kiganja wazi. Chiriku alikiona, akatazama dirishani. Bado alikuwa na hasira naye, hasira halali, na hakuona sababu ya kuimaliza kwa safari fupi namna ile. Mkono ulibaki pale juu ya sanduku njia nzima, ukirukaruka kila gari lilipopita shimo. Haukuondolewa.

Mjane aliwapa funguo akaenda zake kwa jirani ili waione nyumba kwa nafasi. Hawakukuta kitu ndani, hata pazia. Sebule ilikuwa na alama za fremu za picha ukutani, na kila hatua yao ilijibiwa na dari. Jiko lilikuwa dogo, na jua lilikuwa limeingia mpaka kwenye sinki.

Dokta alitua sanduku katikati ya sebule. Akageuka kulia, akageuka kushoto. Chiriku alifunga mlango wa mbele, akauegemea.

"Haya," alisema. "Sema."

"Niseme nini?"

"Unachotaka. Si anachotaka Mama, si unachodhani nakitaka mimi. Rangi ya ukuta, chakula cha leo, hata kama unataka kurudi kwenu. Anayesikia ni mimi peke yangu."

Dokta akafuta jasho la juu ya mdomo kwa kiganja. Zamani Chiriku angeshamrahisishia, angeshamtajia majibu matatu achague moja. Maneno yalimjaa kinywani mpaka yakamuuma. Akayameza, akakunja mikono kifuani, akasubiri.

"Vile vitanda," Dokta alianza, akakohoa, "vile viwili vya kwanza. Mimi pia sikuvitaka."